Mbwa mzee akikojoa ndani usiku, usimnyime maji: somo kutoka Strasbourg, 1889

Tuanze na swali ambalo ukilileta kwenye semina watu watacheka: mbwa wako amezeeka, na siku hizi kila ukiamka unakuta palepale alipolala pamelowa mkojo. Utafanya nini?

Ukiuliza Sanje, utapewa majibu matatu kabla hujamaliza kuuliza. La kwanza: mchape, atajifunza. La pili: mnyime maji kuanzia jioni, halafu tuone atakojoa nini. La tatu husemwa kwa sauti ya chini: huyo kazi yake imekwisha, tafuta mwingine. Na wanaokuambia hivyo si watu wenye roho mbaya. Mbwa wa Sanje ni mfanyakazi. Anafukuza nguruwe pori kwenye mpunga, anabweka nyani wakishuka kutoka mlimani, na usiku kwetu anafungiwa kwenye jiko la nje, kwa sababu msitu wa Udzungwa uko hapo juu tu na chui anapenda sana nyama ya mbwa. Ndiyo maana mkojo wake unakuwa habari ya nyumba nzima. Kwenye jiko hilohilo ndiko zilipo kuni, sufuria na magunia ya mpunga.

Nataka tusimame kwenye lile jibu la pili. Linaonekana la akili kuliko mengine. Kinachoingia ndicho kinachotoka, si ndiyo? Sasa, ukifuata historia ya jinsi watu walivyokuja kuuelewa mkojo, unakuta mara nyingi mambo yako kinyume. Mbwa hakojoi sana kwa sababu amekunywa sana. Anakunywa sana kwa sababu anakojoa sana. Sentensi ni fupi, lakini ilichukua karne nyingi kuithibitisha, na waliolipa gharama kubwa ya kuithibitisha ni mbwa wenyewe.

Mbwa kuzeeka, hilo nalo ni jambo jipya

Kabla ya kwenda Ulaya, jiulize kwa nini swali hili halikuwa swali la babu zetu. Mbwa wengi wa vijijini hawafiki uzee. Wapo wanaokufa wakiwa watoto, wanaogongwa na pikipiki, wanaoumwa na nyoka, wanaoliwa. Halafu kuna mbung'o. Miaka ya 1890 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, akiwa Ubombo kule Zululand, alionyesha kwamba nagana, ugonjwa uliokuwa ukimaliza ng'ombe, unatokana na kijidudu cha damu kinachobebwa na mbung'o. Mbwa walikuwemo kati ya wanyama aliowatumia, na mbwa huugua nagana vibaya sana. Bonde la Kilombero ni bonde la mbung'o. Rudolf Geigy, mwanazoolojia wa Uswisi aliyefika Ifakara mwaka 1949 na kufungua maabara pale mwaka 1957 (ndiyo mzizi wa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo), alivutwa na mambo kama hayo hasa: papasi, mbung'o na vijidudu vyao. Mahali pa namna hiyo mbwa wa miaka kumi na mbili alikuwa nadra.

Na kichaa cha mbwa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalisema watu wapatao 1,500 hufa kwa kichaa Tanzania kila mwaka. Kwa kila mtu aliyekufa hesabu mbwa waliokufa kabla yake, pamoja na wale waliouawa kwa hofu tu. Kuanzia mwaka 2010 wilaya za kusini-mashariki mwa nchi, Kilombero na Ulanga zikiwemo, pamoja na Pemba, ziliingia kwenye mradi mkubwa wa kuchanja mbwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Wakfu wa Bill na Melinda Gates. Lengo linalotumika kwenye kampeni kama hizi ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, na kurudia tena na tena, kwa sababu mbwa wa kijijini hufa na kuzaliwa kwa kasi: waliochanjwa mwaka huu, mwakani wengi hawapo.

Chanjo ya kichaa peke yake haimfanyi mbwa aishi miaka mingi. Lakini mbwa aliyechanjwa ana kadi, na mwenye kadi ana mwenyewe. Mbwa mwenye mwenyewe anapata uji, anafungiwa usiku, anatibiwa kidonda. Huyo sasa ndiye anayezeeka. Kwa hiyo ukiona mbwa mzee analowesha jiko la Sanje, unaangalia tatizo lililozaliwa na mambo kwenda vizuri kidogo.

(Sanje yenyewe wanasayansi wanaijua kwa mnyama mwingine kabisa: kima wa Sanje, ambaye sayansi ilimsikia kwa mara ya kwanza mwaka 1979, wakati watu wa kijijini walikuwa na jina lake siku zote. Kumbuka hilo tukifika kwa mhudumu wa maabara.)

Asali kwenye mkojo

Sasa turudi nyuma, mbali kidogo. Katika karne ya pili, daktari Mgiriki aitwaye Aretaeus wa Kapadokia aliandika kuhusu wagonjwa wanaokojoa bila kukoma, kama bomba lililoachwa wazi. Aliona kwamba kiu yao haizimiki. Na aliona kitu ambacho wanaomnyima mbwa maji wangepaswa kukisikia: mgonjwa akizuiwa kunywa, mkojo haukomi. Mdomo unakauka, mwili unakauka, na mkojo unaendelea kutoka.

Waganga wa India ya kale waliuita ugonjwa huo kwa jina lenye maana ya mkojo wa asali, na waliujua kwa sisimizi: mkojo ukimwagika, sisimizi wanakuja. Uingereza, Thomas Willis aliuonja mkojo wa wagonjwa katika karne ya 17 na kusema ni mtamu. Mwaka 1776 Matthew Dobson wa Liverpool akauchemsha mkojo mpaka maji yakaisha, akabaki na kitu cheupe kama sukari. Kiswahili hakikuzunguka: ugonjwa unaitwa kisukari, na mtu wa Kilombero, anayeishi karibu na mashamba ya miwa ya Kidatu, haitaji kufafanuliwa zaidi.

Lakini sukari hiyo ilitoka wapi? Hapo ndipo walikwama. Figo zilishukiwa, tumbo likashukiwa, ini likashukiwa. Jibu lilikuja kwa njia ambayo ukiisoma huku una mbwa mzee nyumbani, utatabasamu.

Mhudumu aliyelaumiwa bure

Mwaka 1889 Strasbourg ulikuwa mji wa Ujerumani. Oskar Minkowski, kijana msaidizi katika kliniki ya Bernhard Naunyn, alikuwa akibishana na mwenzake Josef von Mering kuhusu mafuta: je, utumbo unaweza kuyanyonya bila kongosho? Minkowski akasema njia nyepesi ni kulitoa kongosho lote, tuone. Von Mering akasema haiwezekani, mnyama atakufa. Wakubwa wa fani walikuwa wameshasema hivyo. Kijana hakujali. Wakampasua mbwa siku hiyohiyo, na mbwa akapona.

Von Mering akaitwa nyumbani kwa dharura ya ugonjwa katika familia, mbwa akabaki na Minkowski, amefungwa kwenye kona ya maabara. Huyu alikuwa mbwa aliyefundishwa. Kukojoa ndani haikuwa tabia yake. Basi akaanza. Sakafu ikawa inalowa kila mara. Minkowski akamgombeza mhudumu wa maabara: kwa nini humtoi nje? Mhudumu akajitetea kwamba anamtoa sana, ila mnyama huyu ana kitu. Anakojoa nje, na akirudishwa ndani anakojoa tena hapohapo, kana kwamba hakutoka.

Nakuomba utulie hapa kidogo. Mtu anayemjua mbwa kuliko wote mle ndani hakuwa daktari. Alikuwa yule anayemtoa nje. Na maelezo yake yalikuwa sahihi kuliko lawama ya bosi: hili si suala la adabu, kuna mkojo mwingi kuliko kawaida. Sifa ya Minkowski ni kwamba alisikiliza. Naunyn alikuwa amewafundisha wasaidizi wake kwamba ukiona mkojo mwingi, pima sukari. Akanyonya mkojo sakafuni kwa mrija, akapima. Ulikuwa na sukari karibu asilimia 12.

Vitabu vingi husimulia kwamba nzi ndio waliotoa siri, wakijaa kwenye mkojo ule mtamu. Hadithi tamu kama mkojo wenyewe, lakini katika masimulizi ya Minkowski hakuna nzi. Kuna mhudumu aliyelaumiwa bure.

Kinachonivutia zaidi ni alichofanya baadaye. Hakukimbilia kutangaza. Alikumbuka kwamba von Mering alikuwa akimpa mbwa huyohuyo florizini, kitu kinachopatikana kwenye maganda ya mizizi ya mtufaa, ambacho chenyewe kinamwaga sukari kwenye mkojo. Labda ni hiyo? Akachukua mbwa wengine ambao hawakupewa florizini, akapima mkojo wao kwanza, haukuwa na sukari. Akawatoa kongosho. Wote wakapata kisukari. Hapo akajua. (Florizini nayo haikupotea: dawa za kisasa za kisukari za jamii ya dapagliflozini zimetokana na umbo lake. Ukoo mzima wa dawa kutoka kwenye mzizi wa tunda.)

Baada ya hapo njia ilikuwa ndefu lakini iko wazi. Majira ya joto ya mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, Toronto, waliwapa mbwa wasio na kongosho maji yaliyokamuliwa kutoka kongosho la mbwa wengine, sukari ikashuka. Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa wa kwanza kudungwa insulini. Mbwa waliokufa katika safari hiyo ni wengi, na sioni sababu ya kulificha hilo kwa msomaji. Kila mgonjwa wa kisukari anayechoma sindano leo Ifakara ana deni kwa mbwa waliokojoa sakafuni.

Kwa nini sukari ileta mkojo mwingi? Sukari ikizidi kwenye damu, figo zinashindwa kuirudisha yote. Inamwagika kwenye mkojo, na inapokwenda inavuta maji kufuata. Maji yanatoka mwilini yakipenda yasipende. Kisha ndiyo kiu inakuja. Mnyime mbwa huyo maji usiku, sukari itaendelea kuyavuta kutoka kwenye damu na kwenye nyama.

Kwa nini kumchapa "kunafanya kazi"

Kisukari ni chanzo kimoja tu, na kwa mbwa mzee si cha kwanza. Cha kwanza kufikiria ni figo zenyewe, na hapa historia inahamia London.

Mwaka 1924 Ernest Starling na Ernest Verney waliweka figo ya mbwa nje ya mwili, ikilishwa damu na moyo na mapafu. Figo ile iliishi, lakini ikatoa mkojo mwingi, mwepesi kama maji. Ilikuwa kama haijui kuhifadhi. Walipoongeza kwenye damu maji yaliyotoka kwenye tezi ya pituitari, ile ndogo iliyo chini ya ubongo, mkojo ukapungua na kukolea. Kwa hiyo figo haifanyi kazi kwa akili yake. Inapokea amri kutoka kichwani, kwa njia ya homoni.

Verney aliendelea na swali hilo kwa miaka mingi, safari hii na mbwa wazima waliozoeshwa kutulia. Alikuwa akiwapa maji mengi, kisha anaingiza chumvi kidogo kwenye mshipa unaopeleka damu kichwani. Damu ikikolea kwa asilimia 2 hivi, mkojo ulikuwa unapungua. Ina maana mle kichwani kuna kipimo chenye hisia kali kuliko mizani ya duka lolote la dhahabu. Mwaka 1947 aliyaweka yote pamoja, na leo homoni ile inafundishwa kila shule ya udaktari.

Njiani, yeye na mwenzake O'Connor walikuta kitu kingine: mbwa akipatwa na msukosuko wa hofu, mkojo unapungua kwa muda, na pituitari ndiyo inayohusika. Soma tena. Ukimchapa mbwa jioni, huenda usiku ule kweli akakojoa kidogo. Wewe utasema amejifunza. Hajajifunza kitu, ameogopa, homoni imepanda, na kesho kutwa mambo ni yaleyale. Nadhani hii ndiyo sababu lile jibu la kwanza la Sanje limeishi muda mrefu: lina ushahidi wa usiku mmoja.

Mbwa mzee mwenye figo zilizochoka ana tatizo la upande wa pili. Amri inatoka kichwani vizuri, ila figo hazina nguvu ya kuitii. Figo zina akiba kubwa, na uwezo wa kukoleza mkojo huanza kupotea pale ambapo takriban theluthi mbili za vichujio zimekwisha. Ndiyo maana ugonjwa unaonekana kama umeanza jana, kumbe una miaka. Mkojo wake ni mwepesi, hauna rangi, hauna hata ile harufu kali. Watu husema "afadhali haunuki". Hapana, kutonuka huko ndiko kunakopaswa kukushtua. Na mbwa huyu akinyimwa maji, figo hazitajifunza kubana. Zitaendelea kumwaga, damu itapungua maji, na figo zilizobaki zitaumia zaidi.

Pima, ndipo useme

Swali la Strasbourg unaweza kuliuliza Sanje bila maabara: mkojo ni mwingi, au ni wa kawaida ila anashindwa kuuzuia? Mambo haya mawili yana vyanzo tofauti kabisa.

Kipimo ni hiki. Mpime mbwa kwa mizani ya kupimia mpunga. Kisha kwa siku moja na usiku wake mpe maji kwa kuyapima, ukitumia chupa ya lita moja na nusu, na uhakikishe hanywi kwingine. Usimbanie, akimaliza ongeza, ila uandike. Madaktari wa mifugo hutumia mstari wa mililita 100 kwa kila kilo ya uzito: akivuka hapo kwa siku, anakunywa kupita kiasi, na kuna ugonjwa wa kutafutwa. Mbwa wa kilo 15 akimaliza chupa hiyo moja, yuko mpakani. Fanya siku isiyo ya jua kali sana, na siku ambayo hakukimbizana na nguruwe.

Jike letu la nyumbani lina miaka kumi na mbili hivi na kilo 14. Siku tuliyopima lilikunywa karibu lita mbili. Karatasi ya kupimia mkojo, hizi za binadamu zinazouzwa kwenye maduka ya dawa, haikuonyesha sukari. Mkojo ulikuwa kama maji ya mto Sanje wakati wa kiangazi. Hakuhitajika profesa kujua tuelekee wapi. Sasa maji yake yako pale usiku na mchana, na mama humtoa nje anapoamka kwa ajili ya sala. Jiko linalowa mara moja moja.

Na sisimizi? Waangalie, hawana gharama. Lakini usiwafanye mahakimu. Sisimizi hufuata chumvi na vitu vingine vya mkojo pia, hasa kiangazi. Karatasi ni bora kuliko wao.

Tahadhari na majibu ya mbali

Tuseme umepima na maji ni ya kawaida. Mbwa anavuja tu akiwa amelala, hata mwenyewe hana habari. Anaamka, anakuta pamelowa, anaondoka na aibu zake. Ukitafuta kwenye intaneti kwa Kiingereza, jibu la kwanza litakuwa homoni. Jibu hilo nalo lina historia yake. Mwaka 1938 Charles Dodds wa London alitengeneza stilbestroli, estrojeni ya maabara, rahisi na ya bei ndogo. Madaktari waliwapa wanawake wajawazito kwa miaka zaidi ya thelathini, wakidhani inazuia mimba kuharibika. Mwaka 1971 ikaonekana kwamba baadhi ya mabinti waliozaliwa walipata saratani adimu ya uke. Dawa ikaondolewa kwa wajawazito. Kwa mbwa ikabaki, kwa dozi ndogo, kwa sababu jike aliyetolewa kizazi hukosa estrojeni, na bila hiyo msuli unaofunga kibofu hulegea usingizini. Dawa nyingine ya kazi hiyo, fenilipropanolamini, ilikuwa ya mafua ya binadamu. Marekani waliiondoa madukani mwaka 2000 kwa ajili ya hatari ya kiharusi, mbwa wakaendelea nayo.

Sasa angalia vizuri majibu hayo yametoka wapi. Yametoka kwenye nchi ambako majike wengi hutolewa kizazi wakiwa wadogo. Sanje majike wachache sana wametolewa kizazi. Kwa hiyo chanzo kinachoongoza kule, hapa kiko chini kwenye orodha, na cha kwetu hakipo kwenye ukurasa wao wa kwanza.

Cha kwetu ni usaha kwenye kizazi. Jike mzee asiyetolewa kizazi, wiki chache baada ya kupata joto, anaanza kunywa maji kama aliyekula chumvi, anakojoa ovyo usiku, hataki chakula, tumbo linajaa. Pengine uchafu unamtoka nyuma, pengine hautoki kabisa, na huo usiotoka ndio mbaya zaidi. Sumu ya vijidudu inazifanya figo zisiisikie homoni ya Verney, ndiyo maana mkojo unakuwa mwingi. Huyu hana siku za kusubiri. Anahitaji kupasuliwa. Kutoka Sanje, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo iko Morogoro, na kama afisa mifugo wa kwenu anakuambia nenda, nenda leo. Mtu aliyemwona jike huyu na kusema "uzee tu, mnyime maji" amemuua kwa nia njema.

Dume asiyehasiwa ana lake: tezi dume huvimba kadiri anavyozeeka, kama kwa wazee wetu. Anatoka mara nyingi, anatoa kidogo kidogo. Kuhasiwa husaidia.

Kuna pia ubongo. Mbwa wazee wengine hurundika kwenye ubongo amiloidi, protini ileile inayoonekana kwa watu wenye Alzheimer. Usiku wanageuka mchana: wanazunguka, wanabweka ukuta, wanasahau kwamba jikoni si mahali pa kukojoa. Hapa ile kadi ya chanjo ina thamani ya ajabu. Mbwa mzee aliyebadilika taratibu kwa miezi, mwenye chanjo inayohesabika, unaweza kumtazama kwa utulivu. Asiye na chanjo na aliyebadilika ghafla, kwa siku mbili tatu, usimshike, usimfungue mdomo kuangalia kama kuna mfupa. Waweke watoto mbali, mwite afisa mifugo.

Zimebaki kazi za usiku zenyewe. Mtoe mara ya mwisho pale nyumba inapokwenda kulala, si saa kumi na mbili jioni. Mtandikie gunia kavu juu ya pumba za mpunga, ambazo Kilombero hazina bei. Pumba zinakunywa mkojo, asubuhi unazitupa. Msafishe makalio na tumbo kwa maji ukamkaushe, kwa sababu manyoya yenye mkojo huvutia nzi, nzi hutaga, na mbwa mzee asiyeweza kujilamba huliwa na funza akiwa hai. Magunia ya mpunga yahamie juu ya kichanja.

Na anayesafisha asifanye kwa mikono mitupu. Mbwa huweza kutoa kwenye mkojo bakteria wa leptospira bila yeye mwenyewe kuonekana mgonjwa, na bakteria hao hupenda maji, matope na panya, yaani mashamba yetu ya mpunga. Huingia kwa binadamu kupitia ngozi yenye michubuko. Mfuko wa plastiki mkononi ukikosa glavu, sabuni baadaye, na mtoto mwenye kidonda mguuni asikanyage pale mpaka pakauke. Homa ikikupata wiki moja au mbili baadaye na kipimo cha malaria hakina kitu, mwambie daktari kwamba nyumbani una mbwa mzee na wewe ndiye unayedeki.